Marobota Thelathini Gizani

Marobota thelathini ya pamba hayakuwepo.

Inspekta Milembe Shija alisimama mlangoni mwa ghala akahesabu mwenyewe, safu kwa safu, mpaka alipofika kwenye nafasi tupu upande wa kulia. Sakafu ilikuwa na michirizi ya vitu vizito vilivyoburutwa. Nyuzi nyeupe za pamba zilitambaa mpaka kizingitini, kisha zikapotea mchangani. Aliinama akaishika kufuli. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Nani aliyegundua?"

"Mimi, mayu," alijibu mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tulikuwa tunahesabu mzigo wa kupeleka Mwanza. Nikahesabu mara tatu. Roho ikanipasuka."

Huyo alikuwa Marcelo Jilala, karani wa mizani, ambaye msimu ule alishika pia funguo za ghala. Hapakuwa na mkulima wa pamba Bariadi nzima asiyemfahamu. Tangu enzi za chama cha ushirika alikuwa ndiye msoma mizani, na soko lilipoachiwa wafanyabiashara binafsi, wenye kiwanda hiki kipya walimchukua yeye kabla hawajanunua hata mashine. Miaka ishirini na sita akitaja kilo kwa sauti, na watu wakiziamini.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Moja ninayo mimi, ya pili iko kwa meneja."

Meneja Kristofa, kijana wa mjini aliyevaa viatu visivyopenda vumbi, hakungoja zamu yake. "Inspekta, tusizunguke mbuyu. Mwizi tunaye. Ni yule binti wa kompyuta, Felisita Maige."

"Kwa ushahidi gani?"

"Njoo uone."

Chumba cha mizani kilikuwa kando ya geti. Nje yake kulikuwa na bamba kubwa la chuma lililolala ardhini. Kila gari lililoingia na kutoka lilipita juu ya bamba hilo, kwa sababu njia nyingine haikuwepo. Ndani kulikuwa na kompyuta moja na skrini mbili: moja ilimtazama karani, nyingine imegeuzwa dirishani, inawatazama wakulima.

"Hii ya dirishani ni wazo lake," Kristofa alisema. "Wanunuzi wamekuwa wengi, kila mmoja na mizani yake, wakulima hawamwamini mtu. Akasema tuwaonyeshe uzito kwa macho yao. Jumamosi akabadilisha kadi ya picha, akaweka yenye matundu mawili ili iendeshe skrini mbili. Tangu siku hiyo ni giza tu! Jumamosi giza. Jumanne giza. Jana Jumatano, saa nane na nusu mchana, giza mpaka saa kumi. Na ndani ya giza hilo marobota yametoka. Ameifumba macho mizani, wenzake wakapakia."

"Ana wenzake gani?"

Kristofa alikohoa. "Hilo ndilo la kupeleleza."

Saa tatu asubuhi Felisita Maige alikuwa tayari mahabusu. Mkuu wa Polisi wa Wilaya alimwita Milembe ofisini, akamwambia maneno machache. Una saa ishirini na nne, afande. Kesho asubuhi mtu huyu afikishwe mahakamani au aachiwe.

Milembe alikuwa na miaka arobaini na moja. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza upelelezi wa wilaya ile, na kwao Nkololo bado walikuwa wakilitaja jambo hilo kwenye harusi. Alikuwa ameshughulikia wizi wa ng'ombe, mauaji ya vikongwe, bunduki zilizovuka mipaka. Kompyuta hakuijua. Lakini hakuona aibu kuuliza, na hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake.

Binti aliyeletwa mbele yake alikuwa mwembamba, kama wa miaka ishirini na minne, macho mekundu lakini makavu.

"Mwangaluka," Milembe alimsalimu.

Felisita alishtuka kusikia salamu ya nyumbani ndani ya chumba kile. "Mwangaluka, mayu."

"Wewe wa wapi?"

"Bukundi. Baba analima pamba."

"Uliiba marobota?"

"Hapana."

"Uliharibu skrini?"

"Hapana. Ilinisumbua Jumamosi, nikaitengeneza."

"Nieleze. Nieleze kama unavyomweleza baba yako."

Felisita alinyoosha mgongo. Milembe aliiona hofu ikimtoka taratibu, nafasi yake ikishikwa na kitu kingine: ufundi.

"Mashine yetu inatumia Linux, mayu. Ni mfumo wa kompyuta usiouzwa leseni, niliusomea Mwanza. Nilipoweka kadi mpya nikawasha. Maandishi meupe yakaja, yakapita vizuri. Picha ilipotaka kuanza, skrini zote mbili nyeusi. Nikajiuliza: kadi ni mbovu? Hapana, maandishi yameonekana. Waya? Nikabadilisha, giza lile lile. Nikarudisha kadi ya zamani, mwanga ukarudi. Basi tatizo si skrini wala waya. Ni namna kadi mpya inavyozungumza na skrini."

"Zinazungumza?"

"Skrini huchora picha upya mara nyingi kila sekunde. Kadi mpya ilikuwa inaagiza mara themanini na tano. Skrini zetu ni za zamani, zimetoka mnadani, mwisho wao ni sitini. Ukizilazimisha zaidi zinafumba macho. Nilifungua faili la maagizo nikaandika sitini. Mwanga. Jumapili mwanga, Jumatatu mwanga."

"Na Jumanne?"

"Jumanne nilikuta themanini na tano imerudi. Nikadhani nimesahau kuhifadhi. Nikajilaumu. Jana nimerudi kutoka Nkololo saa kumi, nimekuta tena themanini na tano." Alimtazama inspekta moja kwa moja. "Mimi naweza kusahau mara moja. Mara mbili, hapana."

Milembe aliweka kalamu chini. "Nkololo ulikwenda kufanya nini?"

"Mizani ya kituo cha kununulia ilikuwa na hitilafu. Niliondoka asubuhi na gari la kiwanda."

"Nani walikuona?"

"Foleni nzima."

Milembe alinyanyuka. "Konstebo, leta pingu na gari. Mtuhumiwa anakwenda kunionyesha hiyo mashine."

Walipofika kiwandani wakulima walikuwa wamejaa getini na viroba vyao, wengine wametoka Lingeka na Bukundi tangu jana yake, na Kristofa alikuwa amekwisha kuwatajia jina la mwizi. Walimtazama Felisita akishuka amefungwa pingu. Mama mmoja alitema mate chini. Mwingine alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika, kwamba kumbe kile kioo cha dirishani kilikuwa kiinimacho.

Felisita aliinamisha kichwa. Milembe alimshika bega, akamwingiza ndani, akamfungua pingu.

"Nionyeshe lini faili lile liliguswa mara ya mwisho kabla hujalitengeneza jana."

"Tangu Jumanne nimekuwa nikiweka nakala kabla ya kurekebisha." Felisita aligonga vitufe. Mistari ikajipanga. "Hii hapa. Jumatano, saa kumi na nne na dakika thelathini na moja. Yaani saa nane na dakika thelathini na moja mchana."

"Mtu anaweza kuligusa akiwa mbali? Akiwa Nkololo?"

"Mashine hii haina waya wa simu wala wa mtandao. Lazima akae kwenye kiti hiki."

"Saa ya mashine ni ya kuaminika?"

Felisita aliitazama saa iliyokuwa pembeni mwa skrini. Ndilo swali ambalo hakulitarajia. Milembe aliwasha redio ndogo iliyokuwa dirishani, wakangoja taarifa ya habari ya saa saba. Mlio wa saa ulipolia, mashine ilikuwa nyuma kwa dakika mbili.

"Dakika mbili si kitu," Milembe alisema, akaandika.

Alimtuma konstebo Nkololo kwa pikipiki. Alasiri alirudi na maelezo ya watu tisa pamoja na karani wa kituo: binti alikuwa pale, mikono imejaa grisi, tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Mtu hawezi kukaa katika viti viwili.

"Anayetaka kubadilisha faili anahitaji nini?" Milembe aliuliza.

"Neno la siri la mkuu wa mashine."

"Nani analijua?"

"Mimi peke yangu." Kisha Felisita aliitazama meza. "Lakini... nimeliandika. Kwenye daftari langu, nyuma ya jalada. Daftari lenyewe hukaa hapa mezani."

Lilikuwa daftari la shule, la kurasa arobaini na nane. Ndani yake binti alikuwa ameandika kila hatua ya Jumamosi kwa mwandiko wa kunyooka: faili liko wapi, linafunguliwaje, namba ibadilishwe wapi, vitufe vitatu vya kubonyeza kwa pamoja ili picha ianze upya. Chini kabisa alikuwa amepiga mstari mara mbili: *85 giza, 60 mwanga.*

"Uliandika dawa," Milembe alisema polepole, "na mtu akasoma sumu."

Aliupeleka ukurasa ule kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni mwa namba themanini na tano kulikuwa na doa la buluu, dogo, lenye mistari myembamba ya kuzunguka. Alama ya kidole gumba. Aliinusa. Haikuwa wino wa kalamu.

"Hapa ndani nani anatumia karatasi ya kaboni?"

Felisita aligeukia meza. Macho yake yalikwenda kwenye vitabu vya stakabadhi vilivyopangwa upande wa pili wa meza, kisha yakarudi kwa inspekta, yakajaa maumivu. "Mayu, haiwezekani. Yule ni kama babu yangu. Hata kipanya hakigusi. Anasema kompyuta anaiogopa kama nyoka."

"Mimi sijataja jina," Milembe alisema.

Koplo Thomasi, mtaalamu wa alama za vidole, alilichukua daftari kama kielelezo namba moja. Milembe alibaki amesimama mbele ya skrini. Alama ya kidole peke yake ingesema kwamba mtu alishika daftari. Wakili yeyote angeicheka. Alihitaji lori.

Alimwita mlinzi wa geti, Luhende, mwanajeshi mstaafu aliyesimama wima kama mlingoti.

"Jana wakati wa giza, magari mangapi yametoka?"

"Moja, afande. Lori la mbegu za pamba, za kwenda kukamuliwa mafuta Lamadi. Turubai limefungwa. Karatasi ilikuwa sahihi: magunia sitini, kilo elfu tatu na mia sita. Imeandikwa kwa mkono kwa sababu skrini ilikuwa imekufa."

"Saini?"

"Ya mzee Marcelo."

"Hukufunua turubai?"

Luhende alikodoa macho. "Karatasi ya mzee Marcelo, afande? Tangu lini?"

Milembe alimgeukia Felisita. "Skrini ikizimika, mizani inakufa?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, binti yule alitabasamu.

"Hapana, mayu. Skrini ni uso tu. Mashine haikuzimika hata dakika moja. Waya wa mizani unaingia nyuma, hauna habari na kadi ya picha. Wakulima wa Lingeka walipolalamika mwezi uliopita kwamba karani anaweza kupima bila kubonyeza kitufe cha kuhifadhi kilo, niliweka programu: gari lolote likitulia juu ya bamba kwa sekunde tano, uzito unajiandika wenyewe."

"Nani anajua?"

"Nilimwambia meneja. Hakusikiliza. Wengine hawakuniuliza."

"Itoe."

Printa ya zamani ilinguruma, ikatema karatasi. Milembe aliisoma amesimama. Saa nane na dakika kumi, lori tupu limeingia: kilo elfu nane mia nne na ishirini, namba ya gari imeandikwa kwa sababu mwanga ulikuwa bado upo. Saa nane na dakika hamsini na mbili, gizani, gari limetoka. Namba ya gari hakuna. Uzito upo.

Alifanya hesabu pembeni mwa karatasi. Akairudia. Kisha alikwenda kwenye redio ya gari la polisi, akataja namba ya lori kwa kituo cha Lamadi.

Siku ya Ijumaa, jua likichomoza, jibu lilifika. Lori limekutwa kwenye ua wa mfanyabiashara mmoja. Magunia ya mbegu juu, marobota chini, chapa ya kiwanda ikiwa bado mbichi. Dereva na mwenye ua wamekamatwa. Na Koplo Thomasi alikuwa na lake: gumba la kulia la kwenye daftari na lile la kwenye stakabadhi za mzee Marcelo, mistari kumi na miwili imelingana.

Marcelo Jilala aliingia chumba cha mahojiano amevua kofia. Milembe alimsomea onyo, akampa kiti.

"Mzee Marcelo, kompyuta unaijua?"

"Mayu, mimi wa rula na kaboni. Hivyo vya vijana sivijui."

"Daftari la Felisita umewahi kulisoma?"

"La nini?"

"Kidole chako kimo ndani yake. Kwenye themanini na tano."

"Labda nililisogeza nilipofuta meza."

"Lilikuwa limefunguliwa ukurasa wa katikati?"

"Sikumbuki. Uzee."

Milembe hakubishana. Alichukua karatasi ya printa akaiweka mbele yake, akaikunja ili ionekane mistari miwili tu.

"Nisaidie kusoma. Wewe ndiye bingwa wa mizani."

Mzee aliitazama. Kuingia, 8,420. Kutoka, 17,420. Midomo yake ilicheza kidogo, kama inavyocheza ya mtu anayesali. Mtu aliyepima miaka ishirini na sita hahitaji kalamu. Kilo elfu tisa. Toa za mbegu, elfu tatu na mia sita. Zinabaki elfu tano na mia nne. Gawanya kwa robota moja, kilo mia na themanini.

Milembe alimwona akifika mwisho wa hesabu. Mabega yalimshuka.

"Thelathini," mzee alisema kwa sauti ndogo.

"Thelathini."

"Lakini ilikuwa imekufa. Niliiona mwenyewe imekufa."

"Ulichoua ni uso wake tu."

Nje mtu alikuwa anapampu baiskeli. Marcelo aliishika kofia yake kwa mikono miwili, akaizungusha.

"Nitasema," alisema. "Andika."

"Naandika."

"Jumanne nilijaribu kama nitaweza. Nilifuata daftari, mstari kwa mstari. Binti anaandika vizuri, hata mpumbavu hawezi kupotea. Giza likaja. Jumatano nikarudia, lori likiwa ndani. Wapakiaji niliwaambia ni agizo la meneja."

"Kwa ajili ya fedha?"

"Yule wa Lamadi aliniahidi fedha. Sikatai. Lakini hata bila fedha ningefanya." Aliinua macho. "Mimi nilikuwa nikitaja kilo, watu wananitazama mdomoni. Wananiletea kuku. Wananiita mkweli. Kikaja kile kioo. Siku ya kwanza tu hakuna aliyenitazama tena, wote shingo zimegeukia dirishani. Nikasema, wakiibiwa kwenye giza la kioo, watakivunja wenyewe. Binti atafukuzwa. Nami nitarudi kwenye kiti changu."

"Wivu tu, mzee? Kwa wivu umtupe binti wa watu gerezani?"

Marcelo aliendelea kuizungusha kofia. Milembe alingoja. Alijua kungoja, ndivyo alivyowafungua wezi wa ng'ombe waliokuwa wagumu kuliko huyu.

"Si wivu tu," mzee alisema hatimaye. "Kioo hakipunguzi."

"Sikuelewa."

"Kila kiroba, kilo mbili. Wakati mwingine tatu. Tangu ushirika. Nilikuwa nikizikata kwenye kutaja, jioni naziandika kwa jina la shemeji. Kioo kingekaa msimu mzima, watu wangeanza kulinganisha. Wangesema: mbona shamba ni lile lile, na kilo zimeongezeka?"

Kalamu ya Milembe ilisimama. Alikumbuka asubuhi za Julai, yeye na dada zake wamebeba viroba kichwani mpaka kituoni, baba ametangulia amevaa shati la kanisani kwa heshima ya siku ile.

"Shija wa Nkololo," alisema. "Alikuwa na shamba nyuma ya lambo. Naye?"

Mzee alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, usoni, kisha kwenye jina lililobandikwa kifuani. Alielewa. Aliinama mpaka paji la uso likakaribia meza.

"Hakuwa anajua kusoma," alisema. "Alikuwa akinishukuru."

Milembe aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, kwa mwandiko ule ule, bila kuongeza wala kupunguza. Alimsomea maelezo yote. Mzee akatia saini. Gumba lake la kulia lilikuwa bado na buluu kwenye kucha.

Saa tatu kasoro robo Felisita alitoka mahabusu. Baba yake alikuwa barazani tangu alfajiri, ameendesha baiskeli kutoka Bukundi usiku kucha, miguu myeupe kwa vumbi. Alimshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayehakikisha bado kipo.

Meneja Kristofa naye alikuwepo, amesimama pembeni akitafuta pa kuweka mikono.

"Bwana Kristofa," Milembe alimwita, mbele ya watu wote. "Jana ulisema jina la huyu binti mbele ya wakulima wa Lingeka na Bukundi. Leo utakwenda getini pale pale, useme nani aliyelinasa lori. Kwa sauti ile ile."

"Ndiyo, Inspekta."

"Na useme kwa Kiswahili chepesi. Mimi nitatafsiri kwa Kisukuma, lisipotee neno."

Kristofa alifanya hivyo. Watu walisikiliza, kisha mama yule aliyetema mate jana yake akajipenya mpaka mbele, akapiga magoti mbele ya binti mdogo kuliko wanawe. Felisita alimwinua haraka, akamwambia, "Mama, lete kiroba chako, foleni ni ndefu."

Alasiri Mkuu wa Polisi wa Wilaya alilifungua jalada mezani kwake, akasoma ukurasa baada ya ukurasa: kadi ya picha, mara sitini kwa sekunde, nakala za faili, sekunde tano juu ya bamba. Alivua miwani.

"Afande Milembe, mkoani Shinyanga wamepiga simu. Wanataka kujua nani kati ya maofisa wetu amesomea kompyuta. Niwaambie nini? Nani alikufundisha haya yote?"

Inspekta Milembe Shija alisimama wima, mikono ubavuni.

"Mtuhumiwa wangu, afande."